Sufuria ya Saa Sita: Tunamuaga Bi Hajra Mnela

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Hajra Adinani Mnela, mratibu wa lishe wa Kituo cha Wazee Umoja, Nachingwea, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Umri umefika, na umri haukatiwi rufaa. Ungekuwa unakatiwa, angekwisha kuikata zamani, maana mama huyu hajawahi kuambiwa basi akakubali mara ya kwanza.

Alianza kama mpishi wa wodi, akaenda kusomea lishe, akarudi na cheti na ukali wake uleule. Sisi tuliofanya naye kazi tunaujua mwendo wake: ukisikia kandambili zinapiga sakafu kwa haraka, ficha chumvi. Mzee Yunusi, ambaye presha ilikuwa ikimsumbua, alikuwa anaificha ya kwake ndani ya kofia. Bi Hajra hakugombana naye. Alimwomba kwa adabu zote avue kofia ili apimwe urefu, na chumvi ikammwagikia mabegani. Mzee wa watu alicheka mpaka akakohoa, lakini chumvi hakurudishiwa.

Kazi ambayo jina lake litatajwa nayo, hata hivyo, ni sufuria ya saa sita. Ilianzia kwenye mizani. Bi Hajra aligundua kwamba wazee waliokuja kupimwa walikuwa wanapungua kila msimu wa korosho, wakati ambao wilaya nzima imechangamka. Sababu inajulikana na mtu yeyote wa huku: familia huhamia mashambani kuokota korosho, mzee anabaki nyumbani na unga wa muhogo na kuni zake. Kupika kwa ajili ya mdomo mmoja kunachosha, na wengi waliishia kunywa chai kavu wakalala. Aliyetutia hofu kuliko wote alikuwa Bibi Ashura wa Marambo, mjane, ambaye magauni yake yote yalikuwa yamegeuka makubwa. Mimi ninayeandika haya, Josephina, muuguzi wa kituo, nilimwambia Bi Hajra waziwazi kwamba bibi yule akiendelea hivyo, msimu mwingine hautamkuta.

Basi akapika. Felisian wa bodaboda ndiye aliyebeba sufuria mpaka kwenye banda letu la Marambo. Kulikuwa na kisamvu kilichotwangwa laini na kuungwa kwa korosho, mbaazi za kupondwa kwa wasio na meno, na ugali wa mtama. Harufu ilifika sokoni. Wazee wakaja, wakasalimia, wakakaa, kisha wakasema wametoka kula nyumbani. Wote! Bibi Ashura alidai ameshiba mpaka hawezi kuinama. Chakula kikaturudia wafanyakazi, na wiki ile tulikula mbaazi mpaka mlinzi akaomba ruhusa.

Wapo waliosema kwamba wazee wanaringa na mradi ufungwe. Bi Hajra hakutaka kusikia. Alirudi Marambo, akakaa jikoni kwa Bibi Ashura, akamsaidia kumenya muhogo bila kugusia habari za kituo. Bibi akasema mwenyewe. Alisema mwanawe Sadiki yuko shambani tangu alfajiri, mgongo umepinda, anaokota korosho kwa ajili ya nyumba yao. Sasa yeye akionekana na sahani ya kituo mkononi, watu watasema Sadiki kamtupa mama yake. Heri alale na njaa kuliko kumwaibisha mwanawe.

Bi Hajra alirudi kituoni na maneno hayo. Mwaka uliofuata, ufuta na mbaazi zilipovunwa na kabla watu hawajahamia mashambani, alizunguka nyumba kwa nyumba, Marambo, Kiegei, mpaka Ruangwa. Aliwaomba watoto wa wazee jambo moja tu: kila mmoja aache fungu la mzazi wake kituoni. Debe la mbaazi, bakuli la ufuta, muhogo mkavu, chochote alichonacho. Kila aina ilimwagwa kwenye gunia lake mbele ya watu, ikachanganyika, asijulikane aliyeleta kingi wala aliyeleta kidogo. Kwa mzee asiye na mtoto, fungu lilitoka shambani kwa Bi Hajra mwenyewe, nalo likamwagwa humohumo.

Sadiki alileta mbaazi na ufuta, mama yake akashuhudia vikimiminwa. Msimu ulipoanza, Bibi Ashura aliingia bandani, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani kama mbaazi za mwanawe zimeiva, akapokea sahani, akala, akamaliza, akaomba na ukoko. Nilitoka nje nikalia, sioni haya kusema.

Mtihani mkubwa ulikuja baadaye. Wafadhili fulani walituletea mchele na mafuta, pamoja na bango na wapiga picha. Walitaka Bibi Ashura apigwe picha akipokea sahani chini ya maandishi ya msaada kwa wazee waliotelekezwa. Bi Hajra alisimama mbele ya kamera, mikono kiunoni, akawaambia hapa hakuna aliyetelekezwa. Chakula wakipenda wakiache, bango waondoke nalo. Wakaondoka na vyote. Mkuu wetu wa wakati huo alichemka, akamtaka ajieleze. Alijibu kwamba Bibi Ashura akiiona picha ile, hatakula tena, na kwamba yeye hakuajiriwa kuwashindisha wazee njaa.

Tuliogopa kweli, stoo ilikuwa karibu tupu. Lakini habari zilifika mashambani kabla ya jua kuzama, na siku zilizofuata mafungu ya nyongeza yakaanza kuingia, mengine kutoka kwa watu ambao wazazi wao walishatangulia mbele ya haki. Leo sufuria ya saa sita inapikwa mwaka mzima Nachingwea mjini, Marambo na Ruangwa, na msimu wa korosho si msimu wa kukonda tena.

Sasa Bi Hajra, tukuseme na wewe. Unaishi peke yako, watoto wako mbali, na tunajua kwamba ukifika nyumbani umechoka, chakula chako ni chai kavu. Tulipokualika uje ule nasi kama mzee mwingine yeyote, ulikataa, ukasema wewe ni mpishi. Thubutu! Binti yako Fauzia ameshaleta ufuta wa fungu lako, tumeshaumwaga guniani, na hautoki.

Ahsante kwa yote, hata kwa chumvi uliyotunyima. Mungu akujalie uzee wenye nguvu na siku nyingi za raha. Felisian atakupitia Julai mosi. Bibi Ashura, mwenye miaka themanini na nane sasa, amesema siku hiyo atakaa na sahani yake mbele, na hatagusa hata tonge moja mpaka akuone wewe umekaa na umekula. Unamjua. Atafanya kweli.