Mbwa Aliyechukia Mpini

Mabasi hayakuwa na dizeli wiki ile, tukapanda tela la trekta kutoka Singe kwenda mjini. Mbele yangu alikaa Mama Ursula, mkono umefungwa kitambaa, ameshika kamba ya mbwa. Kando yake alikaa mwenye mbwa, Damiani, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka msibani Mbulu.

"Uliniachia ukasema ni mpole, hata kuku hawasumbui," alisema Mama Ursula. "Hukusema anamrarua kila anayeshika jembe. Na huu msimu wa palizi!"

"Ningesema, Mama Ursula, ungekubali?"

"Nisingekubali!" Akacheka. "Basi kila siku nikakaa chini, jembe mapajani, namtupia ugali wa yanga. Siku ya tisa akalaza kichwa juu ya mpini, akasinzia."

Ugali huo wa mahindi ya njano ya msaada siku zile tuliwapimia watoto.

"Ulikuwa unampiga kwa mpini, Damiani?" aliuliza Mama Ursula.

"Alikula mbegu zangu." Akainama. "Nipe kamba. Mbwa ni wangu."

"Nikikupa, utampiga tena?"

Trekta likasimama sokoni. Hakuna aliyeshuka. Hata dereva alizima injini, akageuka kumtazama Damiani.