Bi Futi, Aliyesalimia Malisho

Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, marehemu alifungua mlango wa nyuma wa chumba chake cha kushonea, akawatazama ng'ombe wa kijiji malishoni na kuuliza, "Mpo?" Ng'ombe waliendelea kutafuna. "Haya," alijijibu mwenyewe, akaketi kwenye cherehani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba hiyohiyo, kitinda mimba wa mkulima na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya kijiji, ambako mwalimu alimkaripia kwa kupima madawati kwa uzi badala ya kusikiliza hesabu. Mwaka 1964 alikwenda kwa shangazi yake mjini kujifunza ushonaji, akarudi na futi ya kupimia shingoni. Futi hiyo haikushuka tena, na jina la Bi Futi likamganda.

Tarehe 6 Desemba 1969 aliolewa na mwashi aliyeleta suruali ipanuliwe, akawa anairudisha kila wiki ati bado inambana, hadi ikawa pana kama gunia. Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alitangulia mwaka 2006, akiwa amejenga nusu ya kijiji. Kwa hiyo mwaka 2014, kampuni ilipotaka kujaza nyumba malishoni kote, hadi kwenye chemchemi ambako kijiji kizima huchota maji, na Bi Futi akapinga, hakuna aliyeweza kusema kwamba mjane wake anachukia nyumba.

Watu walinung'unika majumbani, lakini mkutano wa kwanza ulihudhuriwa na viti. Bi Futi akabuni lake: nguo haikutoka mikononi mwake mpaka mwenyewe aahidi kuja mkutano wa pili.

"Bi Futi, nipe suruali yangu, nachelewa harusini!" alilalama dereva wa trekta.

"Koti la bwana harusi nalo liko hapa. Mtaanza bila yeye?"

Ukumbi ulijaa. Ofisa wa kampuni alimwambia kwa upole, "Mama, haya ni maendeleo."

"Karibuni nayo, mwanangu. Ila mgeni haketi juu ya mtungi wa maji."

Ramani zilichorwa upya. Chemchemi ikabaki, pamoja na malisho ya bondeni. Nyumba zikajengwa upande wa juu wenye mawe, mbele kabisa ya mlango wake wa nyuma. Kijiji kilipata maji yake. Yeye akapata ukuta. Hakulalamika hata siku moja.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021. Miguu ilipovimba ikashindwa kukanyaga cherehani, alihamia sindano ya mkono. Alifariki usingizini, nyumbani kwake, alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu ambaye gauni lake limebaki pindo tu. Alale kwa amani. Amechoka kwa kazi njema.

Wiki moja kabla hajatuaga, mjukuu wake aliyekuwa akimuuguza alimkuta ameshikilia fremu ya mlango uleule.

"Mpo?" aliita.

"Tupo, bibi! Umeamkaje?" akaitikia mama mmoja kutoka dirisha la nyumba mpya.

Mjukuu akauliza swali alilolibeba kwa miaka: "Bibi, si ndizo nyumba ulizozikataa?"

"Ndizo," alisema. "Lakini ng'ombe hawakuwahi kuitikia."