Leszek Wojnar na Alhamisi ya Blanketi

Mjomba wetu tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 12 Julai 2024, katika makaburi ya Yarrandoo, alizaliwa Jumapili tarehe 3 Machi 1957 katika hospitali ya Cooma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Zygmunt Wojnar, mchimbaji wa mahandaki ya mabwawa ya umeme, na marehemu Wanda, mpishi wa kantini ya wafanyakazi. Wazazi hao walitoka Poland baada ya vita wakiwa na sanduku moja. Mwaka 1959 alizaliwa mdogo wake, Halina, ambaye ni mama yangu.

Familia iliishi mlimani katika nyumba ya mbao ya kampuni, ambamo majira ya baridi maji yaliganda ndani ya jagi mezani. Hapo ndipo Leszek alipojifunza kwa baba yake kuweka chupa ya maji kichwa chini. Maji huanza kuganda kwa juu, Zygmunt alimweleza, kwa hiyo ukiigeuza chupa barafu inakaa upande wa kitako, na asubuhi mdomo uko wazi, unakunywa. Maisha yake yote chupa za jikoni kwake zilisimama kichwa chini, hata mwezi Januari, kilele cha joto la kwetu, watu wanapotembea vifua wazi.

"Kaka, hizi chupa zako ziko sarakasi?" mama yangu alimuuliza wakati mmoja.

"Zinajikumbusha," akajibu.

Alisoma shule ya msingi ya Yarrandoo kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, kisha sekondari mjini Cooma hadi mwaka 1972. Ripoti yake ya mwisho tunayo. Mwalimu aliandika: "Leszek hapotezi kitu, wala hamwambii mtu amekiweka wapi." Alijiunga na skauti akiwa na miaka kumi na moja na hakutoka tena.

Januari 1973 alianza uanagenzi wa ufundi magari katika karakana ya barabara, akaitumikia hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magari ya kusukuma theluji, na kwa sehemu kubwa aliifanya peke yake. Bwana Mervyn Sloane, aliyekuwa naye karakana ileile kwa miaka kumi na tisa, anasema hawakuwahi kugombana, maana ugomvi unahitaji maneno. "Ukimsalimia asubuhi," anasema, "jibu unalipata saa ya chai."

Tarehe 16 Februari 1985 alifunga ndoa na Rosalind Keogh, mkutubi, mzaliwa wa Townsville. Hawakujaliwa watoto. Rosalind aliivumilia baridi ya kwetu kwa majira kumi na mawili. Mwaka 1997 alirudi kwao kwenye joto. Mama yangu alikuwepo siku hiyo, wakipakia gari.

"Sikukimbii wewe, Les," Rosalind alimwambia. "Naikimbia baridi."

"Ningekuwa na uwezo ningeihamisha yenyewe," akasema, kisha akakagua upepo wa matairi yote manne.

Hawakuachana kwa hati, wala hakuna aliyemsema mwenzake vibaya. Kila mwezi Juni, bila kukosa, Rosalind alimfumia jozi moja ya glavu za sufu na kuzituma kwa posta. Leszek naye alimtumia kadi yenye maneno mawili: "Zimefika. Asante."

Wengi mliopo hapa mnamjua kama kiongozi wa skauti, kazi aliyoianza mwaka 1981. Watoto walimpa jina la Kiongozi Glavu, kwa sababu swali lake la kwanza, kabla hata ya salamu, lilikuwa, "Glavu ziko wapi?" Kila mwaka alitumia majuma manane kuwaandaa kwa wikendi moja ya kambi kwenye theluji. Jumamosi asubuhi aliwakalisha uani kwake juu ya sakitu, ule umande ulioganda, nusu yao wakiwa na mkeka wa sponji chini, nusu wakiwa bila, ili kila mmoja asikie kwa makalio yake mwenyewe ardhi inavyonyonya joto la mtu. Aliwafundisha kusimamisha hema bila kuvua glavu, na kubadilisha soksi kabla ya kuingia kulala, hata kama wanaapa kuwa ni kavu.

Kuna jambo ambalo mwenyewe alitaka lisomwe siku hii, na aliniachia limeandikwa. Alhamisi tarehe 8 Julai 1993 alikuwa akikagua mizigo ya watoto kumi na wanne ukumbini. Wakati ule ukaguzi ulikuwa wa karatasi: mzazi anaweka tiki kwenye orodha, kiongozi anasoma. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Rosalind, naye Leszek alikuwa na haraka. Mtoto wa mwisho alikuwa Corey Haddrill, miaka kumi na moja.

"Mfuko wa kulalia unao?"

"Ninao, kiongozi."

Na kweli alikuwa nao. Ulikuwa mwembamba, wa kwenda nao ufukweni, umechorwa samaki. Kambini Corey alipoona mifuko ya wenzake ilivyofutuka, aliona haya, akaufunika wake kwa koti na kunyamaza. Asubuhi Leszek alimkuta amepauka, maneno yakimchanganyikia mdomoni kama mlevi. Alimwingiza katika mfuko wake mwenyewe, akamnywesha chai ya sukari nyingi, akamteremsha hospitali. Corey alipona kabisa, na leo ni mwashi huko Goulburn. Mama yake hakulaumu mtu.

"Les, karatasi niliijaza mimi," alimwambia. "Wewe hukujua."

"Nilikuwa na mikono, mama Corey. Ningeugusa tu, ningejua."

Kuanzia mwaka uliofuata, karatasi ilibaki karatasi, na ikaanza Alhamisi ya Blanketi. Mablanketi ya kijivu hutandikwa sakafuni, wazazi hubaki nje, na kila mtoto humwaga vyote alivyofunga juu ya blanketi lake. Leszek alipita kwa magoti, blanketi moja baada ya jingine, akigusa kila kitu. Soksi alizisugua shavuni kujua kama ni sufu au ni pamba inayojifanya sufu. Neno "ninayo" lilipigwa marufuku. "Usiniambie unayo," alisema. "Niwekee mkononi." Baada ya hapo mtoto alifunga begi upya, akafumba macho, akatoa tochi kwa kupapasa. Aliyefungiwa begi na mama yake alijulikana papo hapo.

"Arlo," nilimsikia mwaka juzi, "hizi jinzi za nini?"

"Za kupendezea, kiongozi."

"Nani atakuona?"

"Theluji."

"Theluji haina macho, ina meno. Rudisha nyumbani."

Jumapili ya kurudi kutoka kambini wazazi walikuja na magari, watoto wakapanda wakipiga kelele, na baada ya robo saa pale ukumbini alibaki yeye na mahema mabichi. Aliyapeleka kwake kuyakausha. Aliyatundika sebuleni, koridoni na chumbani, na kwa siku tatu alitembea nyumbani mwake ameinama. Mama yangu anasema hizo ndizo siku pekee za mwaka ambazo kaka yake alionekana ana wageni. Siku ya nne aliyakunja, akayahesabu, akayarudisha stoo.

Novemba 2023 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yalikuwa yanakakamaa. Kufikia Februari alitembea na mtungi wa hewa. Kundi nalo lilikuwa limepungua hadi watoto watano, na kanuni hairuhusu kambi ya theluji bila mtu mzima aliyefundishwa. Katika mkutano wa wazazi wa tarehe 20 Februari aliuliza nani atajitolea. Nina kumbukumbu za mkutano huo. Nimeandika: hakuna mkono ulioinuliwa. Kisha Bi Prue Tindall, dereva wa basi la shule, akasema, "Les, mimi hata friji naiogopa."

"Vizuri," akajibu. "Anayeiogopa atafunga begi sawasawa."

Kila Jumatano kuanzia Aprili hadi Juni, Bi Prue alikaa sakafuni mbele ya kiti cha mjomba akifunga begi na kulifungua, macho yakiwa yamefungwa kwa skafu. Mjomba hakuwa na pumzi ya maelezo, kwa hiyo alinyoosha kidole au alitikisa kichwa. Bi Prue alifaulu mtihani wa kuongoza kambi ya theluji tarehe 15 Juni. Mjomba mwenyewe hakuogopa kufa, au kama aliogopa hakutuambia. Alichoogopa alikisema mara tatu, nami nilikiandika mara tatu: "Wasije wakaahirisha. Wakikosa mwaka mmoja, hawatarudi."

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 9 Julai, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mama yangu akiwa amemshika mkono. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri yalikuwa haya:

"Leo siku gani?"

"Jumanne, kaka."

"Basi bado siku mbili."

Siku hiyohiyo simu zilianza. Wazazi wawili walisema, kwa nia njema kabisa, kwamba kambi isogezwe hadi mwakani, maana watoto wana msiba. Bi Prue mwenyewe aliyumba. Binti yake Tilly, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyemsimamisha. "Mama, yeye kahesabu siku," alisema. "Hakusema labda."

Kwa hiyo jana, Alhamisi, mablanketi yalitandikwa. Watoto walikuwa watano, lakini mablanketi yalikuwa sita, kwa sababu Tilly alikuwa amelileta begi la mjomba. Mjomba alilifunga mwenyewe mwezi Mei, akijua kwamba haendi. Bi Prue alipita kwa magoti, akasugua soksi za watu shavuni, akamrudishia Arlo jinzi zake. Alipofika kwenye blanketi la sita alisita.

"Hili nani atalikagua?"

"Nani alikuwa analikagua siku zote?" akauliza Arlo.

Tukatazamana sisi watu wazima. Miaka arobaini na mitatu ya kambi, na hakuna aliyewahi kuinama kukagua begi la Leszek Wojnar.

Wakalikagua wao. Orodha ilikuwa juu, kwa mwandiko wake, yote ina tiki. Tilly alisoma, Arlo alitoa, Bi Prue alipokea mkononi. Soksi za sufu, jozi tatu. Tochi. Jiko. Chupa ya maji, kichwa chini. Kikombe kimoja, kijiko kimoja.

"Glavu."

Arlo alipapasa mifuko yote. Akaligeuza begi, akalikung'uta.

"Hamna."

"Kaweka tiki hapa," alisema Tilly. "Kiongozi Glavu hana glavu! Katudanganya!"

Watoto walicheka, wakacheka sana, kisha Arlo akaitazama mikono yake. Alikuwa amevaa glavu za sufu za kijani. "Hizi alinipa mwaka jana, zangu zilipotumbukia mtoni," alisema. "Aliniambia ni za ziada." Tilly naye alikuwa na za bluu, za mwaka juzi. Hapo ndipo Bi Prue alipokumbuka kwamba kila mwaka, alipowafuata kambini kwa basi, mjomba alisimama mikono kwapani, na watu walidhani ni mkao wake tu.

Mama yangu aliinuka na kutoa bahasha kwenye mkoba. Ilikuwa imetumwa kutoka Townsville mwezi Juni, lakini ilichelewa njiani ikafika Jumatano, siku moja baada ya kifo. Ndani mlikuwa na glavu za sufu za kahawia.

"Hakudanganya," alisema. "Alijua zitakuja."

Katika orodha zake zote tangu mwaka 1993, hicho ndicho kitu pekee alichokiwekea tiki bila kukigusa.

Mama alimwekea Bi Prue glavu hizo mkononi. Bi Prue akauliza ziende kwa nani, kwa kuwa bado zilikuwa glavu nzuri na mzee asingependa zipotee. Watoto walisogea pembeni wakanong'onezana. Arlo akarudi na uamuzi.

"Mwaka huu asigawe. Avae mwenyewe."

Ndivyo ilivyofanyika, na ndivyo alivyo sasa ndani ya jeneza hili.

Marehemu ameacha mke, Rosalind, ambaye ameshindwa kusafiri kwa sababu ya nyonga lakini anasikiliza kwa simu wakati huu. Dada, Halina, na shemeji, Clive Pask. Wapwa wawili, mimi Danuta na kaka yangu Roman. Na skauti watano wa Yarrandoo. Basi lao linaondoka hapa saa saba mchana. Mtakapotoka mtaona mabegi matano kwenye lango la makaburi. Tafadhali msiyasaidie kuyabeba, yana wenyewe, na wanajua kila kitu kilipo. Jumapili jioni mahema yatakuja kukaushwa nyumbani kwake, na anayeweza kuinama anakaribishwa.

Pumzika kwa amani, mjomba Leszek. Umekaguliwa, na hukupungukiwa na kitu.