Jina au Sura ya Kokushubira

Kwenye Hiace ya Nshamba, mama mmoja aliyekaa mbele yangu alimweleza abiria jirani yake kwamba ataagiza fulana za misa ya kumbukumbu ya bintiye, Kokushubira, aliyeacha mtoto wa miaka miwili. Kifuani atadarizi jina. Jirani huyo, Kahangwa, mchapaji wa fulana kule Bilele, akatikisa kichwa. “Mama, chapa picha yake.”

“Picha hubanduka. Nilipofua fulana ya msiba wa mume wangu, jicho lake lilibaki vidoleni mwangu. Siwezi kumfua binti yangu pia.”

Kahangwa akasema kwa upole, “Lakini mama, mjukuu wako hajui kusoma.”

Gari likafika Nshamba, tukaanza kushuka. Mama alibaki kitini akijifuta machozi. Kahangwa, aliyekwishasimama, akaketi tena.