Mama Kulusum na Sauti ya Yakani

Tarehe 30 Juni 1978, Mama Kulusum Nasur, mtangazaji wa gari la vipaza sauti na mhariri wa jarida letu la Tumbaku Leo, anastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Ushirika cha Kochi kwa miaka ishirini na sita. Wapo wanachama ambao hawajawahi kumtia machoni, lakini kuanzia Ayivu hadi Kuluba hakuna asiyeijua sauti yake. Kamati imeniomba mimi Asiku, dereva wake, niandike machache. Machache siyawezi, kwa hiyo mtanivumilia.

Mama Kulusum alizaliwa Koboko, binti wa sajenti wa Kinubi aliyemfundisha mambo mawili: kusoma na kutonyamaza. La pili lilimkaa zaidi. Aliajiriwa mwaka 1952 kuchambua majani ya tumbaku katika ghala la Arua, na wenzake wa enzi hizo wanasema mikono ilichambua majani huku mdomo ukichambua watu. Siku moja mtangazaji wa chama aliamka hana sauti, na mkutano mkuu ulikuwa asubuhi ile ile. Meneja aliuliza ni nani anayeweza kusoma kwa nguvu hadi uwanja mzima usikie. Ghala zima likamgeukia yeye, na tangu hapo kipaza sauti hakikurudi kwa mwenyewe.

Kipaji chake kilikuwa kuiga. Akisoma maneno ya bwana shamba, ni bwana shamba anayesema, na kikohozi chake humo humo. Sokoni Abuku aliwahi kusoma agizo la mkuu wa wilaya kwa sauti ya mkuu wa wilaya, wazee wakasimama na kuvua kofia mbele ya Land Rover. Jarida letu ni la wanaojua kusoma, lakini sauti ya Mama Kulusum ilikuwa ya wote. Siku ya soko alianza na jarida letu, kisha akasoma gazeti la Kampala, ambalo lilifika kwa basi likiwa limeshachoka njiani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusu nusu, nami nalijua lote kwa sababu nilikuwa kwenye usukani. Mwenyekiti wetu Bwana Ondoga ameusoma ukurasa huu, akakohoa, akasema uchapwe.

Mwaka 1971 siasa za vyama zilikuwa zimefungwa, na uchaguzi pekee tuliobaki nao ulikuwa wa mwenyekiti wa ushirika. Tuliugombania kwa hamu yote ya watu walionyimwa chaguzi nyingine. Bwana Ondoga, aliyekuwa kitini siku nyingi, alishindana na Yakani wa Kuluba, mwalimu aliyeacha chaki akalima tumbaku. Yakani alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto na hakuficha: mabanda ya kukaushia yawe mali ya wote, na mkulima mdogo apimiwe tumbaku yake kwanza. Vijana walimwita Ujamaa, naye akaitika. Wakati huo kampuni moja ya Waisraeli ilikuwa ikijenga barabara, na katika mkutano wa Kuluba Yakani alilalamika kwamba vibarua wanacheleweshewa mishahara. Wiki iliyofuata gazeti moja la Kampala liliandika kuwa mgombea mkomunisti wa West Nile amewaambia wakulima kwamba Wayahudi ni watu waovu na wafukuzwe. Mwandishi wake hakuwa amekanyaga Kuluba. Habari aliipata kwenye baa mjini Arua, kwa watu ambao hawakutaka Yakani ashinde.

Mama Kulusum aliisoma habari hiyo katika soko la Koboko kama alivyosoma kila kitu. Na maneno yaliyodaiwa kuwa ya Yakani aliyasoma kwa sauti ya Yakani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gazeti peke yake lingesomwa na wachache, kisha likafungiwa karanga. Lakini sasa watu waliapa kwamba wamemsikia Yakani kwa masikio yao, na wengine walitaja hadi koti alilovaa. Akina mama wa kanisa huko Ayivu, ambao Wayahudi waliwajua kama watu wa Biblia, walisema hawawezi kumpa kura mtu anayewachukia ndugu zake Yesu. Tena mwaka ule Waisraeli walikuwa marafiki wa serikali, na kuitwa adui yao hakukuwa mzaha. Yakani aliacha kulala nyumbani kwake.

Poni, mke wa Yakani, alikuja sokoni akasimama kwenye dirisha la gari, mtoto mgongoni. "Mama," akasema, "hii maneno umesoma na sauti ya bwana yangu, wewe nalikuwa kwa mukutano?"

Mama Kulusum alilikunja gazeti. Aliniambia niwashe gari, tukaenda Kuluba. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza waliokuwa mkutanoni, na hata wapinzani wa Yakani walisema lile lile: mtu aliongelea mishahara. Kisha tukaenda kambi ya barabara kwa injinia mwenyewe, Bwana Natani, Myahudi mfupi aliyetupa chai kwenye vikombe vya bati. Alisema Yakani amemgombeza mara nyingi juu ya mishahara, na mara nyingi alikuwa na haki. Halafu akasema polepole kwamba watu wanaowachukia Wayahudi anawajua, maana ndio waliomuulia mama yake huko Ulaya, na kwamba shutuma nzito namna hiyo si ya kumrushia mtu ili tu akose kura. Nilitazama chini. Mama Kulusum alilia, na sioni haya kuliandika.

Soko lililofuata alirudi Koboko na kusimama mahali pale pale, kwa sababu kwetu neno lililotoka hadharani halirudishwi jikoni. Alisoma alichosema Yakani kweli, safari hii bila kumwiga. Kisha akaweka karatasi chini. "Wiki ile mulisikia mimi," akasema. "Yakani hamukumusikia. Kosa iko yangu." Jarida letu lilichapa hivyo hivyo, na nakala ikapelekwa kwa yule mwandishi, ambaye hajajibu mpaka leo. Wazee wa Koboko walimtania kwamba mwanamke Mwislamu amegeuka wakili wa Wayahudi. Aliwajibu kwamba hata mmoja wao akisingiziwa atamtetea, ila kwa wao huenda akachelewa kidogo. Yakani alishindwa uchaguzi, lakini alirudi kulala nyumbani.

Mwaka uliofuata upepo uligeuka. Waisraeli waliondoka nchini kwa amri ya serikali, na hayo si ya jarida la tumbaku kuyajadili. Lakini gazeti lile lile lilifukua habari ile ile na kuiandika upya kama sifa: Yakani wa West Nile, shujaa aliyewatambua Wayahudi mapema kuliko wote. Uongo haukubadilika, ulivishwa nguo mpya tu. Uchaguzi wetu, ambao ni wa kila mwaka, ulikuwa umekaribia tena, na sasa kura zilikuwa zikimkimbilia Yakani. Wapiga debe wake, wakiongozwa na kijana Yugu, walitaka habari hiyo isomwe kila soko, tena kwa sauti ya Yakani kama zamani. Mama Kulusum alikataa. Walimwambia kwamba kuikataa sifa kama hiyo kunaweza kueleweka vibaya mjini. Kila mtu ofisini alijua maana yake, na mimi nilikwenda kuangalia kama gari lina mafuta ya kutufikisha mpaka wa Zaire.

Ndipo akaja Yakani mwenyewe. Alikaa akizungusha kofia mikononi. "Mama, acha ipite," akasema. "Mara hii inanisaidia."

"Nalikuweka ndani ya uongo, nikakutoa," Mama Kulusum akamjibu. "Kukurudisha, hapana. Kama wewe nataka kurudi, sema mwenyewe, na sauti yako." Akamsogezea kipaza sauti juu ya meza. Yakani hakukigusa, akaondoka bila kuaga.

Siku ya mkutano mkuu, Yakani alipanda juu ya gari nami nikamwashia mitambo. Alivua kofia. Kisha akasema: "Ile gazeti imesema uongo mara mbili. Mimi nalisema juu ya mushahara. Juu ya Muyahudi sikusema kitu, na injinia ile mimi naliheshimu." Akashuka. Makofi yalikuwa machache, ya majasiri na ya Poni. Kiti kilibaki kwa Bwana Ondoga, na Yakani akaenda kukaa kwa shemeji yake upande wa Zaire msimu mzima, hadi maneno yalipopoa.

Tangu ule mwaka wa Koboko, Mama Kulusum hakumwiga tena binadamu. Aliendelea kuwaiga mbuzi waliopotea, na matangazo yake yaliwarudisha wengi kuliko wachungaji. Ametufundishia pia Hawah, atakayeshika nafasi yake, ambaye haruhusiwi kutangaza neno la mtu kabla ya kwenda kumsomea mlangoni kwake. Kanuni hiyo imenimalizia matairi mengi, na sijutii hata moja.

Wiki iliyopita nilimpelekea Yakani kadi ya sherehe hii. Nilimuuliza, kwa utani wa watu wa rika moja, kama bado anamlaumu Mama kwa kiti alichokikosa. Alikuwa akifunga majani ya tumbaku na hakuacha kazi yake.

"Kiti nalikosa," akasema. "Lakini leo mutu akiita jina yangu kwa soko, mimi naitika. Siulizi kwanza anaita Yakani gani."

Mama Kulusum, chama kizima kinasema ahsante. Nenda Koboko salama, Mungu akujalie afya, wajukuu wa kukuchosha na majirani wasioishiwa maneno. Njia ya kwako naijua, nitakuja kunywa chai.