Ekseli ya Pikapu ya Mkunga

Benchi la gereji lilikuwa kiti cha lori lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani, na asubuhi hiyo kilikuwa kimejaa. Alikuwepo Springi, fundi mwenye gereji. Alikuwepo Msumari, dereva wa lori la magogo, mrefu asiye na nyama. Na Kamusi, karani mstaafu aliyejua kila kitu cha magari isipokuwa kuyaendesha. Kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Mbele yao, pikapu ya mkunga ilikuwa imepandishwa juu ya magogo bila magurudumu ya mbele. Juzi, kwenye njia ya mlimani, mkono unaoshika gurudumu la kushoto ulikatika, na nyuma kulikuwa na mama mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa palepale, salama. Lakini mkono ule Springi ndiye aliyeuchomelea. Leo alitaka kuamua moja: auchomelee tena au abadilishe yote.

— Ng'oa takataka zote hizo, Msumari akasema. Weka ekseli nzima. Chuma kimoja, gurudumu hadi gurudumu.

— Ili liwe toroli? Kamusi akaruka. Hapa kila gurudumu linajitegemea. La kushoto likipanda jiwe, la kulia halina habari.

— Ndiyo ubaya wake! Kwenye ekseli nzima, moja likipanda linamkandamiza mwenzake chini ashike ardhi. Gurudumu linaloning'inia linavuta nini? Upepo?

Springi akageuka kutazama mlango wa nyuma. Nyuma ya gereji alikuwa na ekseli ya namna hiyo, nzima kabisa.

— Na springi je? fundi akauliza. Za mabapa ya chuma yaliyopangana, au za waya wa kuzunguka?

— Mabapa! Saba kila upande!

— Saba? Unajenga daraja? Weka za kuzunguka, ndefu, laini. Gurudumu lishuke shimoni, lisalimie, lirudi.

— Ekseli itakimbia upande! Msumari akasema.

— Haikimbii, Springi akasema, akichora mchangani kwa bisibisi. Naishika kwa mikono miwili ya chuma, hivi, na fimbo moja ya kukingama.

— Basi pikapu tuiinue futi nzima! Kamusi alikuwa ameshamwaga nusu ya kahawa yake. Matairi ya trekta!

— Na ekseli ya nyuma nayo ikate kona. Itembee upande kama kaa!

— Itapanda ngazi!

— Ngazi? Itapanda ukuta, mzee! Mlima utaomba radhi!

Springi alijikuta amesimama juu ya benchi, bisibisi hewani. Ndipo mkunga akaingia, mkoba begani, viatu vimejaa tope.

— Hamjambo, mabwana?

— Hatujambo, mama. Karibu, Springi akasema, akishuka haraka.

Akamweleza yote kwa pumzi moja, kidole juu ya mchoro. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho.

— Nimekuelewa, fundi. Sasa, mama atakayelala nyuma, springi ipi itamuumiza kidogo zaidi?

Msumari akachungulia kikombe chake.

— Hakuna aliyewahi kulala huko?

— Miaka ishirini nalala chini ya magari, mama, Springi akasema taratibu. Nyuma, sijawahi.

— Basi kalale.

Wakatafuta godoro. Walianza na lori la Msumari, lenye mabapa, wakapanda nalo ile njia ya mawe. Springi alipiga kelele tangu jiwe la kwanza, na Kamusi, aliyelala pembeni yake, alipoteza miwani na heshima pamoja. Kisha wakaazima gari la muuza mbao, lenye ekseli nzima na springi za kuzunguka, na safari hii mkunga mwenyewe akashika usukani.

— Mama, polepole! Kamusi akalia.

— Na hapo hujashikwa na uchungu!

Springi hakusema neno. Gari lilipanda, likainama, likainuka. Mkunga akaingiwa na hofu, akasimamisha, akaja nyuma mbio.

— Fundi! Umezimia?

Springi alikuwa chali, macho juu mbinguni, vidole vyake vikipima kitu hewani.

— Hapana, mama. Ni hizi za kuzunguka. Rudi nyuma kidogo, ulipite tena lile jiwe kubwa.