Mwalimu Yunis na Ukingo wa Mkondoa

Tarehe 30 Juni 1976 Mwalimu Yunis Madeha anastaafu, baada ya kufundisha Shule ya Msingi Lukando, wilayani Kilosa, kwa miaka ishirini na mitano. Alifika shule ikiwa bado ya misheni, ina vyumba viwili na kengele ya kipande cha reli. Alipangiwa Hesabu na Kazi za Mikono. Hesabu alifundisha kwa sababu ilikuwa lazima. Kuchora alifundisha kwa sababu alipenda.

Shule haikuwa na rangi wala brashi. Mwalimu aliwapeleka wanafunzi ukingoni mwa mto Mkondoa, nyuma ya kiwanja cha mpira, wakachimba udongo mweupe, mwekundu na mweusi. Brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha mpaka zikalainika, ndiyo maana wazazi walisema watoto wake wana meno safi kuliko wote wilayani. Kila mwaka, masika yalipokwisha, Darasa la Sita lilichora mto kwenye ukuta wa nje wa ofisi, kama ulivyokuwa mwaka ule. Aliyechora kitu ambacho hakukiona alifuta. Cleopa, ambaye siku hizi ni dereva wa lori Mikumi, hajasahau samaki wake aliyekuwa anacheka. Mwalimu alimwuliza mbele ya darasa, “Cleopa mwanangu, samaki huyu ameazima meno ya babu yako?”

Picha ya mwaka uliofuata Uhuru ilikuwa na matete marefu, mikuyu miwili, na bendera mpya ikichungulia nyuma yake. Wanaoikumbuka wanasema ilikuwa nzuri kuliko zote.

Mwaka 1974 familia nyingi zilihamishiwa kijijini kwetu kutoka milimani, na kamati ya kijiji ikawa inatafuta mahali pa shamba la ujamaa. Mwenyekiti, Mzee Makarius, alikuja ofisini kwa shughuli nyingine, akasimama mbele ya ukuta. Alipitisha kidole juu ya picha, kikatoka cheusi.

“Mwalimu, udongo huu mnauchimba wapi?”

Mwalimu Yunis alifurahi sana. Hakuna kiongozi aliyewahi kusimama pale kutazama kazi ya wanafunzi. Alimpeleka ukingoni yeye mwenyewe, akamwonyesha.

Wiki iliyofuata matete yalianza kufyekwa kupisha shamba. Mikuyu ikakatwa, ikatumika kuchomea matofali ya nyumba mpya. Mkutanoni Mwalimu alisimama, akaomba yaachwe angalau matete ya ukingoni kabisa.

“Tutakula matete, Mama Mwalimu?” aliuliza Mwenyekiti, na watu wakacheka.

“Hayaliwi, Mzee wangu. Lakini ndiyo yanayozuia mto usitule sisi.”

Wakacheka zaidi. Hawakuwa watu wabaya. Mwaka ule kulikuwa na njaa, na mahindi ya kwanza yalistawi mpaka yakampita mtu mzima. Mwalimu mwenyewe aliagiza yachorwe ukutani, kwa kuwa yalikuwepo.

Masika ya mwaka jana mto ulikata ukingo. Ulichukua mahindi, ukachukua mahali petu pa kuchimbia udongo mweusi, kisha ukachukua goli moja la kiwanja. Mwaka huu umesogea mpaka karibu na ofisi, na ukuta wenye picha umepasuka kutoka juu hadi chini. Mzee Koileken, baba yake Naanyu wa darasa letu, zamani alinywesha ng'ombe wake hapo. Sasa anawapeleka mbali, kwa sababu ndama wake waliporomoka na ukingo. Kamati imesema shule itahamia juu, karibu na barabara. Kuhusu ukingo haikusema kitu.

Muhula huu wa mwisho Mwalimu hakutuchoresha. Alituongoza kupanda matete. Tulipanda, maji yakayabeba. Tukapanda tena, yakayabeba tena. Siku ya mwisho alisimama ndani ya tope, viatu mkononi, akasema taratibu, “Mimi ndiye niliyemwonyesha Mwenyekiti njia.” Naanyu akamwambia, “Shikamoo, Mwalimu,” ingawa tulikuwa tumeshamwamkia asubuhi. Akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akavaa viatu juu ya tope lile lile, tukarudi darasani.

Mwalimu Yunis, tunakushukuru kwa macho uliyotupa. Wengi wetu tulikuwa tunapita mtoni bila kuuona. Leo ni siku yako, na tungependa kukuambia mambo ya kufurahisha tu, lakini ungejua kwamba tunakudanganya. Ukingo unaendelea kumeguka. Huenda mwakani jengo hili halitakuwepo, wala ukuta wake.

Hata hivyo Darasa la Sita limeomba majembe. Mzee Koileken ametuonyesha mahali ambapo matete bado yapo, na mto ukipungua mwezi wa tisa tutakwenda kuyachimba, sisi pamoja na kaka zake Naanyu. Hatukuahidi kwamba yatashika. Tunakuahidi kwamba tutapanda.

Nenda salama kwa dada yako, huko Lumuma, Mwalimu wetu. Mungu akupe afya, majirani wema na miaka mingi ya kupumzika. Na usiku ulale usingizi, bila kusikiliza maji.

Kwa niaba ya Darasa la Sita,
Sesilia Donati